Tripu Ngapi za Udongo? Hesabu ya Bustani Kabla ya Kumpigia Simu Mwenye Lori

Muuza udongo alisimama getini kwangu Msaranga, hapa Moshi, akachungulia uani kwa sekunde chache, akatoa jibu: "Mama, hapa tripu tano zinatosha kabisa." Hakuingia ndani. Hakuuliza nataka kupanda nini. Nilipomwuliza tripu tano za lori gani, akacheka. "La kawaida."

Karibu kila anayemaliza kujenga, Moshi au Arusha, hupewa jibu la namna hiyo. Nyumba imekwisha, fedha nazo karibu zimekwisha, na kilichobaki kuizunguka ni kifusi cha msingi, vipande vya tofali na saruji iliyoganda. Unataka ukoka, maua kidogo, matuta mawili matatu ya mchicha. Unahitaji udongo wa juu, ule ambao wauzaji huuita udongo mweusi hata ukiwa wa kahawia.

Tuanze na huo udongo wenyewe, maana wengi hununua kitu wasichokihitaji. Ardhi ina matabaka. La juu, ambalo kwa kawaida lina kina cha sentimita 10 hadi 30, ndilo lenye mboji, minyoo na mizizi mingi. Chini yake kuna udongo mgumu zaidi, wenye rangi nyingine, usio na chakula kingi kwa mimea. Mafundi wakichimba msingi na shimo la karo huligeuza hili jambo juu chini: udongo wa chini wanaurusha juu, na ule wa juu unafukiwa au unasombwa kwenda kusikojulikana. Ndiyo maana kiwanja cha jirani ambaye hajajenga kinaota mahindi mazuri, na chako kilicho hatua kumi kutoka hapo hakioti hata bangi mwitu.

Kwa hiyo unaagiza. Na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu muuzaji anauza kwa tripu, na bustani inahitaji mita za ujazo. Tripu si kipimo. Tripu ni safari tu.

Mita moja ya ujazo ni sanduku lenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kimo cha mita moja. Ndani yake zinaingia lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ukiwa na mashaka na hesabu yoyote ya udongo, irudishe kwenye ndoo. Mtu akikuambia toroli lake linabeba robo ya mita ya ujazo, jiulize kama umewahi kuona toroli likimeza ndoo 12 na nusu. Toroli la kawaida la ujenzi hubeba kama ndoo tatu, au nne likijazwa hadi kufanya kichuguu juu. Mita moja ya ujazo ni toroli 15 hivi, na mgongo wa kijana anayesukuma utathibitisha.

Hesabu yenyewe haina siri: urefu mara upana mara kina. Tatizo ni kwamba watu hupima viwili vya kwanza kwa uangalifu, hadi kwenye masale ya mpaka, halafu cha tatu wanakibahatisha. Wakati kina ndicho kinachokula fedha. Ukikosea upana wa bustani kwa nusu mita hutaona tofauti kubwa. Ukisema sentimita 20 badala ya 10, umeagiza malori mara mbili.

Kuna njia ya kufanya hesabu hii kichwani, na ningependa kila mwenye kiwanja aijue: sentimita moja ya udongo juu ya mita za mraba 100 ni mita moja ya ujazo. Basi. Mita za mraba 100 kwa kina cha sentimita 10 ni mita za ujazo 10. Mita za mraba 50 kwa sentimita 20, ni 10 pia.

Nichukue kiwanja changu. Ni mita 20 kwa 25, yaani mita za mraba 500. Nyumba na baraza vinachukua 120. Sehemu ya gari iliyowekwa vitofali ni mita 6 kwa 8, hiyo ni 48. Karo, tangi la maji na njia ya kwenda jikoni nyuma, 32. Zinabaki mita za mraba 300. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ukoka unapenda sentimita 15, kwa hiyo: 300 ni mia mara tatu, na 3 mara 15 ni mita za ujazo 45. Nikamkumbuka yule ndugu wa tripu tano. Ili tripu tano zitoshe, kila lori lingepaswa kubeba mita 9 za ujazo. Lori lake halibebi hizo.

Nalijuaje? Nililipima. Hili watu wanaona aibu kulifanya, lakini hakuna sababu. Hata anayenunua kitenge anapima. Bodi ya lori lake ilikuwa na urefu wa mita 3.5, upana wa mita 2 na kimo cha sentimita 70. Zidisha: 3.5 mara 2 mara 0.7 ni mita za ujazo 4.9. Hiyo ni ikiwa imejaa hadi ukingoni. Madereva wengi hutaja ukubwa wa lori kwa tani, na tani ni habari ya uzito, si ya nafasi. Udongo uliokauka na kulegea una uzito wa zaidi kidogo ya tani moja kwa kila mita ya ujazo. Ukilowa vizuri unaweza kufika tani moja na nusu na zaidi. Udongo wetu wa majivu ya volkano wa huku milimani, ukiwa mkavu, ni mwepesi kuliko mchanga wa mtoni. Kwa hiyo lori lile lile wakati wa kiangazi linaweza kuja limejaa, na wakati wa masika likaja nusu kwa sababu dereva anahurumia springi zake. Wewe unalipa tripu ile ile.

Ukipima kwa futi, maliza kwa futi. Bodi ya futi 12 kwa 7 kwa 2 ni futi za ujazo 168. Gawanya kwa 35 upate mita za ujazo, kama 4.8 hivi. Kinachoharibu hesabu ni kuchanganya: urefu kwa hatua, upana kwa futi, kina kwa sentimita. Na sentimita 15 ukiibadilisha kuwa mita ni 0.15. Namfahamu mtu aliyeandika 1.5, akapata jibu la kufunika nyumba, akaamua hesabu zote ni uongo na kurudi kwenye kubahatisha.

Kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo, nayo ina kazi yake, hasa kwenye vichochoro ambavyo lori halipiti. Bodi yake ina kama mita 1.9 kwa 1.4, na kuta za sentimita 30 au pungufu. Hiyo ni robo tatu ya mita ya ujazo, ongeza kidogo kwa kichuguu. Linganisha bei kwa mita ya ujazo, si kwa safari. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, lori la mita 5 ni shilingi 100,000 na kirikuu ni 25,000. Kirikuu inaonekana nafuu. Lakini kwenye lori mita moja ya ujazo inakugharimu 20,000, na kwenye kirikuu zaidi ya 33,000.

Nirudi kwenye zile mita 45, maana zilinitisha. Tripu tisa na zaidi! Nikakaa barazani na daftari na kujiuliza swali ambalo ningeanza nalo: hivi kila mahali panahitaji udongo wa kununua?

Hapana. Kwanza, huku chini ya mti wa mparachichi na kando ya ukuta wa kaskazini mafundi hawakuwa wamegusa. Udongo wa zamani ulikuwapo. Nilichimba vishimo vitano kwa jembe, kina cha mkono hadi kiwiko, nikaangalia rangi. Vitatu vilikuwa na udongo mweusi laini hadi chini. Huko sikuhitaji kitu zaidi ya samadi. Vishimo vile vilinichukua nusu saa na viliniokolea tripu kadhaa. Pili, migomba. Shimo la mgomba la sentimita 60 kila upande ni mita za ujazo 0.216, na mashimo sita yanafika 1.3, lakini udongo uliochimba ndio unaorudi humo ukiwa umechanganywa na samadi. Wazee wa vihambani, yale mashamba ya migomba ya Wachaga yanayozunguka nyumba, hawakuwahi kuagiza lori la udongo; walilisha shamba kwa kinyesi cha ng'ombe wa zizini na majani ya migomba, miaka kwa miaka, hadi likawa jeusi. Huo mweusi unaouziwa leo getini, mara nyingine umekwanguliwa kutoka shamba la mtu aliyehitaji fedha za haraka, na sentimita chache za udongo wa juu huchukua mamia ya miaka kujijenga zenyewe. Nami nimenunua, sijitoi. Lakini ilinifanya nisiagize hata ndoo isiyo ya lazima.

Nikabaki na maeneo matatu ya kweli. Ukoka wa mbele, mita za mraba 120. Kina cha sentimita 15 kilikuwa cha nini? Kama chini ni zege au mwamba, sawa. Mimi chini nina udongo mgumu tu, na udongo mgumu ukivunjwa kwa sululu na kuchanganywa kidogo na ule mpya, mizizi hupenya. Nikaamua sentimita 10. Hizo ni mita za ujazo 12. Matuta manne ya mboga, kila moja mita 1.2 kwa 5, kina sentimita 25 kwa sababu karoti na nyanya hazitaki utani: 1.5 kila moja, jumla 6. Na duara la maua mbele ya baraza. Duara huwasumbua watu, lakini ni nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3.14. Langu lina nusu kipenyo cha mita 1.5, kwa hiyo eneo ni kama 7.1, mara 0.25, ni 1.8. Kona yenye umbo la pembetatu, chukua kama mstatili kisha gawanya kwa mbili. Umbo la ajabu kabisa, ligawe vipande vipande vya mstatili na usihangaike na mabaki. Udongo hauuzwi kwa vijiko.

Jumla 19.8. Kwenye matuta robo ya ujazo nilitaka iwe samadi iliyoiva, hiyo ni 1.5, ndoo 75. Nikaitoa. Udongo wa kununua: 18.3.

Lakini hiyo 18.3 ni udongo uliokwisha kutulia. Unaoshushwa na lori umejaa hewa. Ukimwagiwa maji na kukanyagwa unashuka. Kiasi gani hutegemea aina, ila kwa udongo uliolegea, moja ya tano ni makisio mazuri. Hapa kuna mtego mdogo wa hesabu. Wengi huongeza moja ya tano juu: 18.3 mara 1.2, wanapata 22. Sivyo. Kama kila ndoo tano zitabaki nne, unagawanya kwa 0.8: inatoka 22.9. Tofauti hapa ni ndoo 45 hivi. Kwenye kiwanja kikubwa ni lori zima.

22.9 gawanya kwa 4.9. Jibu ni 4.7. Tripu tano.

Nilicheka peke yangu. Yule muuzaji alikuwa amepatia, ila kwa bustani ambayo hata mimi sikuwa nimeijua bado. Angeulizwa kuhusu kiwanja chote kama nilivyomwuliza, angekuwa amepungukiwa nusu, nami ningemwagia udongo haba kila mahali, sentimita sita sita, ambazo hazimfai ukoka wala mchicha.

Kuna jambo ambalo hesabu hiyo haikuligusa: mteremko. Moshi yote inainamia kusini, mlima uko mgongoni, na kiwanja changu upande wa chini kilikuwa kimezama. Kupima tofauti, mafundi hutumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja hata ncha ziwe mbali vipi. Tulikuta sehemu ya mita 10 kwa 6 inayoshuka polepole kutoka sifuri hadi sentimita 40. Umbo kama hilo ni kabari, kwa hiyo unachukua wastani, sentimita 20: 10 mara 6 mara 0.2, mita za ujazo 12.

Usijaze kabari hiyo kwa udongo mweusi, nakusihi. Kujaza shimo ni kazi ya kifusi, na kulisha mizizi ni kazi ya udongo wa juu. Nilikuwa na lundo kutoka shimo la karo: kipenyo mita 2, kina mita 3, kama 9.4 likiwa bado ardhini. Udongo ukichimbwa huvimba kwa robo hivi, kwa hiyo lundo lilionekana kama 12, nami nikafurahi kwamba Mungu ni mwema. Baada ya kushindiliwa na mvua mbili, likarudi karibu na 10. Mita 2 zilizopungua juu ya mita za mraba 60 ni sentimita tatu na kitu, vidole viwili, na hizo niliziacha zilivyo. Na popote unapopandisha udongo, simama angalau sentimita 15 chini ya mkanda wa kuzuia unyevu kwenye msingi, la sivyo ukuta utanyonya maji na mchwa watapata ngazi. Shina la mti nalo usilifukie.

Tripu ya kwanza ilipofika nilipanda kwenye tairi na futi kamba kabla hawajamwaga. Udongo ulikuwa na kimo cha sentimita 50, si 70. Hiyo ni 3.5, si 4.9, tripu tano za hivyo ni 17.5, nami ningepungukiwa mita za ujazo zaidi ya 5. Dereva alisema umeshuka njiani kwa mtikisiko. Hushuka kweli, lakini si sentimita 20. Hatukugombana. Tulipatana kwamba zinazofuata zije zimejaa, na ya mwisho iongezewe kichuguu.

Ukichelewa na lori likawa limeshamwaga, bado unaweza kupima. Zungusha kamba chini ya lundo upate mzingo, pima kimo katikati, kisha: mzingo mara mzingo mara kimo, gawanya kwa 38. Lundo la mzingo wa mita 12 na kimo cha mita 1.2 ni kama 4.5. Lundo la tipa huwa limerefuka kidogo, halina umbo kamili la pia (koni), kwa hiyo jibu ni la kukadiria. Linatosha kwa mazungumzo ya bei.

Wakati uko juu ya tairi, chukua konzi moja. Harufu iwe ya mvua, si ya kinamasi. Weka udongo kwenye chupa ya maji hadi theluthi, jaza maji, tikisa, uiache: mchanga hutua ndani ya dakika moja, vumbi laini ndani ya saa chache, mfinyanzi hukaa juu kabisa na unaweza kuchukua siku nzima. Kama karibu yote ni tabaka moja, umeuziwa mchanga au matope. Udongo wenye ukungu mweupe wa chumvi juu yake ukikauka, kama ule wa baadhi ya sehemu za tambarare huku chini kusini ya mji, uachie mwenyewe. Na tafuta vijidonge vidogo vyeusi vilivyounganishwa na uzi wa mizizi. Hiyo ni ndago. Ndago ikishaingia kwenye ukoka wako, utaing'oa hadi wajukuu. Huko Arusha watazame pia miche ya gugu karoti. Mbegu zake husafiri na udongo, na ngozi za watu wengine huwashwa vibaya zikiligusa.

Nilishusha yangu mwishoni mwa Februari, kabla njia hazijalowa, ili masika yenyewe yaushindilie. Udongo wa ukoka niliusambaza kwa sentimita 12 na nusu, nikipiga msumari ukutani kuonyesha usawa wa mwanzo. Juni nilipopima kutoka kwenye ule msumari, udongo ulikuwa umeshuka sentimita mbili na nusu, pungufu kidogo tu. Kwenye matuta ulishuka zaidi, kwa kuwa samadi iliendelea kuoza, na huko nimeongeza toroli nne kutoka kwenye lile baki la tripu ya tano.